VM ndani ya VM kwenye desktop ya i5-4590: kisanduku kimepauka, wenzangu mmefanyaje?

#1 KijanaWaRuta
Wakuu habari za usiku.

Najiandaa na CCNA, mtihani wa mitandao wa Cisco, na nataka maabara ya nyumbani. Mashine ni desktop ya mtumba, HP EliteDesk 800 G1, prosesa i5-4590, RAM 16, SSD, Windows 10 Pro. Nimefunga EVE-NG, maabara ya kuendeshea ruta pepe, ndani ya VirtualBox 7, programu ya mashine pepe (VM). EVE-NG ni Linux, na ruta zake nyingi zinaendeshwa na QEMU/KVM, yaani nazo ni mashine pepe, kwa hiyo ni VM ndani ya VM. Kisanduku cha "Enable Nested VT-x/AMD-V", cha kumpa mgeni uwezo wa prosesa wa kubeba VM (Intel wanauita VT-x, AMD wanauita AMD-V), kimepauka, hakibonyezeki. Ndani ya EVE-NG nikiandika

egrep -c '(vmx|svm)' /proc/cpuinfo

napata 0, yaani ndani uwezo huo hauonekani. Ruta haiwaki, au inawaka baada ya chai kupoa.

Naomba mwenye mashine ya rika hili aniambie: inawezekana, au nimenunua chuma kisichofaa?

#2 Mpiga_Kambi
Nimeweka kambi. Ngoja waje wajuvi, na mimi ninayo kama hiyo.

#3 FundiChuma
Mkuu, ingia BIOS. HP unabonyeza F10 inapowaka, nenda Security, kisha System Security, washa VTx. Ukimaliza usifanye kuwasha upya tu. Zima kabisa, chomoa waya wa umeme sekunde kadhaa, ndipo uwashe. Nimefungua desktop nyingi za mtumba zilizotoka maofisini, na nyingi zinakuja VTx imezimwa. Tatizo lako liko hapo, hakuna lingine.

#4 KijanaWaRuta
Asante fundi. Niliikuta imewashwa. Hata Task Manager inaonyesha Virtualization: Enabled.

#5 DadaWaSeva
Fundi kasema vizuri ila "hakuna lingine" ameharakisha.

KijanaWaRuta, mashine yako pepe ikiwa inatembea, tazama kona ya chini kulia ya dirisha la VirtualBox. Kuna kialama cha prosesa. Ukiona V ya bluu, VirtualBox imeishika VT-x yenyewe. Ukiona kobe wa kijani, ujue Hyper-V, programu ya Windows yenyewe ya kubeba VM, imeshatangulia kukaa kwenye prosesa, na VirtualBox inaomba ruhusa kwake kila hatua. Hapo VM ndani ya VM usahau kwanza.

Watu wengi hawajui kuwa wameiwasha. Ukifunga WSL2 (Linux ndani ya Windows) au Docker Desktop, imewaka. Ukiwasha Memory integrity kwenye Core isolation, imewaka. Andika msinfo32, shuka chini kabisa, usome mstari wa Virtualization-based security.

#6 KijanaWaRuta
Dada, kobe yupo! Na msinfo32 inasema Running. Niliwahi kufunga Docker mwaka jana nikaifuta, sikujua kuna kilichobaki.

#7 DadaWaSeva
Fungua CMD kwa haki za msimamizi:

bcdedit /set hypervisorlaunchtype off

Zima na Memory integrity kwenye Windows Security, Device security. Kisha zima mashine uiwashe. Siku ukiitaka WSL2 tena, badala ya off andika auto.

#8 Askari_wa_Data
Samahani naingilia. Memory integrity ni ulinzi, si pambo. Inazuia madereva mabovu (programu za kuendesha vifaa) kuingia kwenye keneli, kiini cha mfumo. Kama kompyuta hiyo hiyo ndiyo mnafanyia mambo ya benki nyumbani, fikiri mara mbili kabla ya kuizima kwa ajili ya maabara.

#9 DadaWaSeva
Kweli kabisa, ningemwambia tangu mwanzo. Ila kwa prosesa yake hata gharama ya kuiwasha ni kubwa. Kuanzia kizazi cha 7 cha Intel, Kaby Lake, kazi hiyo inasaidiwa na prosesa yenyewe. Chini ya hapo Windows inaiigiza kwa programu, na mashine inahema.

#10 KijanaWaRuta
Mrejesho. Kobe kaondoka, nina V ya bluu. Lakini kisanduku BADO kimepauka, na egrep bado 0.

#11 TerminaliTupu
Achana na kisanduku, nenda kwa amri. VM ikiwa imezimwa:

VBoxManage modifyvm "EVE" --nested-hw-virt on

Kwangu kisanduku kilipauka hivyo hivyo, amri hii ikamaliza. Nina i5 ya kizazi cha 8.

#12 KijanaWaRuta
Tiki imeingia mkuu, lakini ndani egrep bado ni 0. Nimezima na kuwasha mara tatu.

#13 Mwalimu_Msaafu
Vijana wangu, kabla hamjaendelea kumzungusha huyu ndugu, someni maelezo ya toleo. VirtualBox ilianza kuruhusu jambo hili kwa AMD kwenye toleo la 6.0, Desemba 2018. Kwa Intel ikaja 6.1, Desemba 2019, na maelezo yake yalisema wazi: kuanzia Core i ya kizazi cha 5, Broadwell. i5-4590 ni kizazi cha 4, Haswell. Amekosa kwa ngazi moja. BIOS haina kosa, kobe hana kosa, amri ya TerminaliTupu haina kosa.

#14 Mpiga_Kambi
Ngazi moja! Inauma.

#15 MseeWaThika
Si kweli hiyo, mwalimu. Mimi niko na i7-4770, ni Haswell vilevile, na nested iko sawa kabisa mwaka wa pili sasa. GNS3 VM, maabara kama EVE-NG, inaniambia KVM ipo. Msimvunje moyo kijana.

#16 Mwalimu_Msaafu
Ndugu yangu wa Thika, unatumia VirtualBox?

#17 MseeWaThika
VMware Workstation.

#18 DadaWaSeva
Haya sasa 😄 Wewe umetetea basi lingine, abiria yuko kwenye hili.

#19 MseeWaThika
Sawa nimekubali, lakini jibu ndilo hilo hilo boss: chuma si kibaya, ni programu ndiyo haikiruhusu. Workstation Pro siku hizi ni bure, kwa matumizi binafsi tangu Mei 2024, na kwa kila mtu tangu Novemba 2024. Settings za VM, Processors, weka tiki kwenye "Virtualize Intel VT-x/EPT or AMD-V/RVI". Ama ufungue faili la .vmx uandike

vhv.enable = "TRUE"

Ikikuambia haiungwi mkono kwenye platform hii, rudi kwa dada na kobe wake, maana yake Hyper-V imeamka tena.

#20 Kasa_wa_Mafia
Natoka nje ya mada kidogo. Mnasema kobe, kobe. Huyo wa nchi kavu ndiye kobe. Wa baharini ni kasa. Kile kialama mmekitazama miguu? Kikiwa na mapezi ni kasa.

#21 FundiChuma
Mtu wa kisiwani hawezi kupitwa na hili 😂 Mimi kwangu ni kobe kwa sababu anatembea polepole.

#22 Kasa_wa_Mafia
Kasa ndani ya maji hashikiki, fundi. Polepole ni pwani tu, akija kutaga. Kama ni alama ya mwendo wa polepole basi ni kobe, nimekubali.

#23 Mwalimu_Msaafu
Mmenifurahisha, maana hao wanyama wana historia kwenye jambo hili. Watafiti wa IBM kule Haifa waliita kazi yao Turtles. Waliitoa kwenye mkutano wa OSDI mwaka 2010, wakionyesha KVM ikibeba haipavaiza (programu ya kubeba VM) nyingine kwenye Intel. Jina linatokana na ile simulizi kwamba dunia imebebwa na kobe, naye kabebwa na kobe mwingine, hivyo hivyo kushuka chini bila kikomo.

Na wazo ni la zamani kuliko hapo. Popek na Goldberg mwaka 1974 waliandika masharti ya prosesa kuweza kubeba mashine pepe, na mojawapo ya waliyoyajadili ni hili la mashine pepe kubeba nyingine. IBM walikuwa na VM/370 tangu 1972, na walioitengeneza walikuwa wanaijaribu VM mpya ndani ya VM iliyokuwa inatembea. Tunachokitaka mezani leo, wenzetu walikifanya kwenye mitambo ya kujaza chumba.

#24 Mpiga_Kambi
Mwalimu, tueleze kwa nini ni ngumu hivi. Kama prosesa inabeba VM moja, kwa nini isibebe na ya pili?

#25 Mwalimu_Msaafu
Prosesa ya Intel au AMD inajua ngazi moja tu: mwenyeji na mgeni. Haijui mgeni wa mgeni.

Chukua mtaa wetu. Nyumba ni ruta yako. Mjumbe wa nyumba kumi ni EVE-NG. Ofisi ya kata ni programu iliyo juu ya Windows. Nyumba ikihitaji idhini, inadhani barua inakwenda kwa mjumbe. Kumbe kila barua inaruka moja kwa moja mpaka kata. Kata inaifungua, inaona ni ya mjumbe, inamrudishia. Mjumbe anataka kusoma barua: kila mstari anaousoma anahitaji muhuri wa kata. Kila mstari anaouandika, muhuri. Barua moja ya nyumba inazaa safari kumi, ishirini, za kwenda kata.

Ndiyo maana mgeni wa kwanza anatembea vizuri na mgeni wa pili anajikokota. Intel walipunguza mihuri hiyo walipoleta uwezo uitwao VMCS shadowing mwaka 2013, na ilianza na Haswell, kizazi hicho hicho cha KijanaWaRuta. Mjumbe akapewa nakala ya daftari, asome na kuandika mengi bila kupanda kata.

#26 KijanaWaRuta
Mwalimu nimeelewa kuliko video zote nilizotazama. Nashukuru.

Mrejesho mwingine: nimehamia VMware Workstation 17. egrep inatoa 4! Ruta pepe ya Cisco, vIOS, imewaka. Lakini niliyoisubiri zaidi, CSR1000v, ruta pepe nzito zaidi ya Cisco, imechukua dakika 11 hadi kufika kwenye mstari wa amri. Nikiwasha mbili pamoja, kila kitu kinaganda, hata kipanya cha Windows. EVE-NG nimeipa vCPU (prosesa pepe) 4 na RAM 12.

#27 TerminaliTupu
RAM. CSR1000v moja inakula gigabaiti 3 mpaka 4. Mbili ni 8 karibu, EVE-NG yenyewe inataka yake, na Windows umeiachia 4. Windows inahamishia kumbukumbu kwenye diski, hapo ndipo kipanya kinaganda. Ongeza RAM.

#28 MseeWaThika
RAM ingeganda kwa mbili, lakini dakika 11 ni kwa MOJA. Shida ni vCPU. i5-4590 ina koa (cores) nne na nyuzi (threads) nne, haina nyuzi za ziada kama i7 yangu. Ukiipa VM zote nne, Windows inapigania koa na mgeni wake. Punguza ziwe 2.

#29 FundiChuma
Mimi nasema fungua kasha. Mashine za mtumba za mwaka 2014 dawa ya joto juu ya prosesa imekauka kama udongo. Prosesa ikifika joto kubwa inajipunguzia kasi. Nilimbadilishia mteja mmoja, mashine ikawa nyingine. Tazama joto kabla hujalaumu programu.

#30 Askari_wa_Data
Mnasahau marekebisho ya usalama. Agosti 2018 ilitangazwa kasoro ya L1TF, na Haswell imo. Dawa yake ni kusafisha kashe ya L1, kumbukumbu ndogo ndani ya prosesa, kila mgeni anapoingia kwenye prosesa. VM ya kawaida haioni sana. VM ndani ya VM inaingia na kutoka mara nyingi mno, na kila mara inalipa. Mfano wa mwalimu wa mihuri: sasa karani wa kata ananawa mikono kabla ya kila muhuri.

#31 Mwalimu_Msaafu
Mfano mzuri. Ila dakika 11 zote siwezi kuzipa L1TF. Wale wa Haifa walipima wakapata kazi za kawaida zikipungua kasi kwa asilimia 6 hadi 8 tu kulinganisha na ngazi moja.

#32 Askari_wa_Data
Wale walipima 2010, mwalimu, kasoro hizi hazijajulikana, na walipima KVM juu ya chuma, si juu ya Windows.

#33 Mwalimu_Msaafu
Hilo nakupa.

#34 Binti_Mlandege
Assalaam alaykum. Mimi niko Unguja nafundisha mitandao. Kwangu niliondoa Windows, nikaweka Ubuntu, na KVM ndiyo mwenyeji. Kwa Intel nested imewashwa yenyewe tangu keneli 4.20. Kuhakikisha:

cat /sys/module/kvm_intel/parameters/nested

Ikitoa Y au 1 umeshamaliza. Aina ya CPU ya VM uchague host-passthrough. Vijana wangu wanne wanaingia kwa kivinjari kutoka laptop zao, mashine moja.

Na jambo moja nililojifunza kwa uchungu: usiihifadhi VM ya nje ikiwa ya ndani bado inatembea. Umeme ulikuwa unakatika, nikawa naisimamisha EVE-NG haraka huku ruta zinawaka. Nikiirudisha, inaanguka. Kwenye keneli za zamani hilo lilikuwa halijakamilika. Kwa Intel kuhamisha VM ya nje na mgeni wake wa ndani akiwa hai kulikaa sawa kwenye Linux 5.3 pamoja na QEMU 4.2. Zima ruta kwanza, andika mipangilio yake, ndipo uguse ya nje.

#35 MseeWaThika
Sasa kama ni kuondoa Windows, kwa nini asifunge EVE-NG moja kwa moja kwenye chuma? Hakuna ngazi ya pili tena, mjadala umekwisha.

#36 KijanaWaRuta
Siwezi wakuu. Mdogo wangu anaitumia kwa kazi za shule na mama anaandikia hesabu za duka. Diski ya pili ningeweza, lakini kila nikitaka kusoma niwaondoe? Ndiyo sababu nilitaka VM tangu mwanzo.

#37 Binti_Mlandege
Hapo nakuelewa mdogo wangu. Nyumba kwanza.

#38 Mtu_wa_Lubumbashi
Jambo ndugu zangu. Mimi nina Ryzen 5 na Windows 10 Pro. Nilijaribu Hyper-V kwa kazi hii:

Set-VMProcessor -VMName EVE -ExposeVirtualizationExtensions $true

Inakataa. Nilifikiri AMD haifai kwa mambo haya.

#39 DadaWaSeva
AMD inafaa sana, kaka. KVM ilianza na AMD kabla ya Intel, na VirtualBox vilevile kama alivyosema mwalimu #13. Ni Hyper-V ndiyo ilianza na Intel, Windows 10 ya 2016. Kwa AMD inahitaji Windows 11 au Server 2022. Ukihamia, VM iwe imezimwa unapotoa amri hiyo, na uruhusu MAC address spoofing kwenye kadi ya mtandao, la sivyo wageni wa ndani hawatapata mtandao.

#40 Mtu_wa_Lubumbashi
Aksanti dada. Mwaka mzima nililaumu prosesa.

#41 Niko_Muscat
Sisi wa Mac tusisahaulike. Apple waliruhusu jambo hili kwenye macOS 15, lakini ni kwa prosesa za M3 na kuendelea. Nina M2. Ngazi moja kama KijanaWaRuta.

#42 Mzee_wa_Kebo
Nimesoma uzi wote nikiwa na swali. Kijana anafanya CCNA. CSR1000v ya nini? Packet Tracer ya Cisco inamtosha, ni bure, haihitaji VT-x hata ya ngazi ya kwanza, kwa sababu inaigiza tabia za ruta, haiendeshi ruta yenyewe. Na hata ndani ya EVE-NG, nodi (ruta) za Dynamips na IOL hazihitaji KVM. Ni za QEMU tu ndizo zinataka. Vita vyote hivi vya kobe na kata ni vya nodi ambayo mtihani haukumuomba.

#43 KijanaWaRuta
Mzee wangu, Packet Tracer ninayo na imenifikisha hapa. Lakini kazini nilipojitolea waliniweka mbele ya IOS-XE yenyewe, mfumo wa ruta za Cisco ulio ndani ya CSR1000v, nikakuta amri ambazo Packet Tracer haina. Niliona aibu. Ninataka kuizoea nyumbani kabla ya kurudi.

#44 Mzee_wa_Kebo
Basi una haki. Endelea mwanangu, nimefuta swali.

#45 KijanaWaRuta
Mrejesho wa leo. Nimepunguza vCPU hadi 2 kama alivyosema wa Thika, nikafungua kasha, nikabadilisha dawa ya joto (fundi ulisema kweli, ilikuwa unga). CSR1000v moja: dakika 4.

#46 MseeWaThika
vCPU. Nilisema.

#47 FundiChuma
Dawa ya joto hiyo. Unga kabisa!

#48 DadaWaSeva
Kaka umebadilisha vitu viwili pamoja, hatuwezi kujua ni kipi. Rudisha vCPU 4, upime tena, uandike na joto.

#49 TerminaliTupu
Na utazame RAM inapowaka. Bado nashikilia langu.

#50 KijanaWaRuta
Nimerudisha 4. Dakika 5. Joto halikufika nyuzi 60.

Kisha nikairudisha 2 ile ile iliyonipa dakika 4, bila kugusa kitu kingine, ikachukua 7. Nimepima mara mbili, 7 zote. Msinfo32 bado inasema Not enabled, kwa hiyo kobe hajarudi. Kitu pekee ninachokumbuka ni kwamba Windows ilikuwa inashusha sasisho nyuma.

#51 Askari_wa_Data
Sasisho gani? Nitumie namba yake, na uandike toleo la BIOS uliyonayo.

#52 Binti_Mlandege
Na nafasi iliyobaki kwenye SSD ni kiasi gani?